Kwilti ya kwanza nyumbani: viraka vya cherehani, kawandi ya mkono, au doti ya kanga?

Anayetaka kushona kwilti kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na vitambaa. Anaomba mabaki kwa fundi, anatoa vitenge vya zamani kabatini, anapanga rangi sakafuni, na mwisho wa yote anabaki na kitu kizuri ambacho hakina pa kukaa. Kitandani hakitoshi, kwenye kochi kinateleza, ukutani kinalegea katikati. Mimi nashauri uanzie upande wa pili. Amua kwanza itakaa wapi, na mahali penyewe patakuchagulia ukubwa, ujazo na namna ya kushona.

Kwa asiyeizoea, kwilti ni tandiko la tabaka tatu: uso, ambao mara nyingi ni viraka vilivyoungwa, ujazo katikati, na bitana chini. Tabaka hizo hushikwa pamoja kwa mishono inayopenya zote, au kwa mafundo. Kazi hiyo ya kuzishika pamoja ndiyo inayowatoa watu jasho, na ndipo njia tatu ninazozilinganisha hapa zinapoachana kabisa: viraka vya mraba kwa cherehani, kawandi inayoshonwa kwa mkono, na doti ya kanga inayofungwa kwa mafundo.

Itakaa wapi?

Kitanda cha futi 5 kwa 6 kina upana wa sentimita 152. Kwilti ya kukifunika chote ni mzigo kwa anayeanza, na kwa joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa itashinda kabatini sehemu kubwa ya mwaka. Kinachopendeza, tena kinachomalizika, ni ukanda wa miguuni: kwilti nyembamba inayolala kukatisha kitanda upande wa miguu na kuning'inia kidogo kulia na kushoto. Ukitaka ining'inie sentimita 25 kila upande, unahitaji urefu wa mita 2 hivi, na upana wa sentimita 65 hadi 70 unatosha. Walioko Njombe, Makete, Limuru au Kabale wana hesabu zao. Huko kwilti ni ya kujifunika kweli, nzito ndiyo nzuri, na urembo unakuja baadaye.

Kwenye kochi mambo ni tofauti. Sebule zetu nyingi zina vitambaa vya kufuma juu ya makochi, kwa hiyo kwilti inakuja kufanya kazi ambayo kila mtu anaijua: kupendezesha, na kuzuia mafuta ya nywele na mikono ya watoto. Itakaliwa, itavutwa, itamwagiwa chai. Inataka mishono ya karibu karibu na rangi zisizoogopa beseni. Kama kochi lako ni la leza, bitana ya kitenge kipya itateleza mpaka chini kila mtu akiinuka. Weka bitana ya flana, au kitambaa chochote chenye manyoya kidogo kinachong'ang'ania.

Ukutani ndiko ninakopenda mimi, na ndiko watu wanakoharibu zaidi.

Wapo wanaoona ajabu kutundika tandiko ukutani. Wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani Weusi kwenye kona ya Mto Alabama, nao hawakushona kwa ajili ya ukuta. Walishona kwa ajili ya baridi, kwa kutumia nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinsi zilizopauka magotini, chochote kilichobaki. Mwaka 2002 kwilti zao zilionyeshwa katika makumbusho ya sanaa ya Houston, kisha Whitney ya New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha zake. Ukutani jicho linapata mpangilio wote kwa mara moja. Kitandani unaona nusu yake, tena kwa pembeni.

Ila usiipigilie misumari kwenye pembe. Uzito wote utashikwa na matundu mawili, kitambaa kitaanza kuchanika hapo, na katikati patabonyea. Shona mfuko wa fimbo: chukua ukanda wa kitambaa wenye upana wa sentimita 20 na urefu unaokaribia upana wa kwilti, ushone uwe bomba, uulaze bapa mgongoni mwa kwilti karibu na ukingo wa juu, kisha uushikize kwa mkono juu na chini, sindano ikiokota bitana tu bila kutokeza mbele. Pitisha fimbo ya pazia au mwanzi mnyoofu. Sasa uzito unagawanyika upana mzima, na hata ukiishusha kuifua, fimbo inatoka na kurudi bila shida.

Pwani kuna adui mwingine. Kuta nyingi hushika unyevu, hasa wakati wa masika, na kitambaa kilichogandana na ukuta huota ukungu mgongoni kabla hujashtuka. Tumia ndoano zinazoiacha fimbo mbali na ukuta kwa sentimita 3 hivi, na gundisha vijipande viwili vya mti ukutani usawa wa pembe za chini ili hewa ipite. Na epuka ukuta unaopigwa na jua la jioni. Kitenge chekundu kinachoangaliana na dirisha la magharibi hakitabaki chekundu.

Vipi mpangaji ambaye mwenye nyumba hataki kusikia habari ya misumari? Kwa wanaoishi chumba kimoja kuna mahali ambapo napaona pazuri kuliko ukuta: ile kamba ya pazia inayotenganisha kitanda na viti vya wageni. Kwilti inayoning'inia hapo inatazamwa pande mbili, na hilo peke yake linabadilisha njia ya kushona, maana mgongo wenye mfuko wa fimbo na nyuzi za kufungia haupendezi kutazamwa. Nitalirudia kwenye doti.

Zile ngazi za mianzi zinazoegemezwa ukutani na kutundikwa kwilti zilizokunjwa zinapendeza kwenye picha. Nyumba yenye mtoto anayeparamia kila kitu, achana nazo.

Viraka vya mraba kwa cherehani

Hii ndiyo njia inayotabirika. Kata kipimo cha kadibodi cha sentimita 15 kwa 15, chora kwa chaki, kata. Ukiacha robo tatu ya sentimita ya mshono kila upande, kiraka kikishaungwa kinabaki sentimita 13.5. Viraka 7 kwa upana na 10 kwa urefu, jumla 70, vinatoa uso wa takriban sentimita 95 kwa 135, ambao ni saizi nzuri ya mgongo wa kochi, ya ukuta, au ya mtoto mchanga. Kitenge kina upana wa kama sentimita 115, kwa hiyo ukanda mmoja unatoa viraka 7, na viraka vyote 70 vinahitaji mita moja na nusu tu ukijumlisha rangi zote.

Hesabu ya 7 kwa 10 nimeichagua kwa sababu ya bitana. Kanga moja ni kama sentimita 110 kwa 150. Inatosha kuwa mgongo wa kwilti hiyo bila kuungwa, na inazidi kwa sentimita 7 hivi kila upande. Ziada hiyo usiikate yote. Ipunguze ibaki sentimita 5, ikunje mara mbili kuja juu ya uso, piga mshono. Pindo la kanga linakuwa fremu ya kazi yako, na hujanunua utepe wa kumalizia.

Ukiwa unashonea kitanda, panga viraka hivyo hivyo 15 kwa 5. Unapata ukanda wa takriban sentimita 202 kwa 67, na vimeongezeka vitano tu. Tofauti iko kwenye bitana: kanga haifiki, itabidi ununue yadi mbili na nusu za kitenge au uunge. Na kama hata hivyo unasita, viraka 9, vitatu kwa vitatu, vinatoa uso wa foronya ya mto wa kochi wa sentimita 40. Hapo unajipima bila hasara.

Njia hii inataka usahihi. Kiraka kikizidi milimita 2, safu ya viraka 7 inazidi karibu sentimita moja na nusu, na pembe hazikutani tena na za safu iliyo chini. Pasi inasaidia kuliko mkasi hapa. Safu ya kwanza laza mishono yote kulia, ya pili ilaze kushoto, ya tatu kulia, hivyo hivyo hadi mwisho. Unapoweka safu mbili uso kwa uso, mshono mmoja unaegemea mwingine na unausikia kwa kidole gumba kwamba umekaa. Shikiza kwa pini hapo hapo, shona.

Kushona tabaka tatu ndipo kazi inapokuwa nzito. Tandaza bitana sakafuni uso ukiangalia chini, ujazo juu yake, viraka juu ya vyote, nyoosha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje, halafu piga bandi kubwa kubwa, yaani mishono ya mkono ya kushikiza tu, kila baada ya shibiri moja. Ukifika kwenye cherehani, anzia katikati. Kunja upande wa kulia kama mkeka ili upite chini ya mkono wa mashine, na shona mstari wa katikati kwanza, kisha unaofuata, ukielekea nje. Anayeanzia ukingoni huishia na kitambaa kilichojikusanya katikati na hakuna pa kukisukumia. Cherehani ya miguu ya kawaida inamudu, mradi ujazo uwe mwembamba, sindano iwe nene, namba 16, na mshono uwe mrefu kuliko wa nguo. Ukishindwa hatua hiyo tu, mpe fundi. Akikuta tabaka zimeshapigwa bandi na mistari imechorwa, ni kazi ya muda mfupi kwake.

Kama mabaki uliyonayo ni marefu na membamba, mraba haukufai. Fuata mpangilio ambao wanawake wa Gee's Bend wanauita paa la nyumba: kiraka kimoja katikati, kisha vipande virefu vinazungushwa pande nne, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka upate ukubwa unaotaka. Hauhitaji pembe kukutana, na ukutani unatulia vizuri sana. Kwa ukuta mimi ningeuchagua huu kabla ya miraba.

Kawandi

Kawandi ni kwilti ya Wasidi wa Karnataka, India, hasa wa wilaya ya Uttara Kannada. Wasidi asili yao ni Afrika. Wahenga wao walivushwa Bahari ya Hindi, wengi wakiwa watumwa, sehemu yao kupitia Goa ya Wareno, na waliotoroka wakaingia misituni bara. Sisemi kwamba mishono yao ilitoka pwani yetu. Kushona nguo chakavu kwa tabaka kumeenea India nzima. Lakini mtu wa Afrika Mashariki akiiona kawandi kwa mara ya kwanza, zile rangi zinazopigana bila kuombana radhi, hashangai sana kusikia habari za walioishona.

Hapa huungi viraka kwanza. Unachukua bitana (wao hutumia sari ya zamani, sisi tuna kanga zilizolainika au shuka), unakunja ukingo wake ndani, unaweka kiraka cha kwanza kwenye pembe. Kingo za kiraka unazikunjia chini kwa ncha ya sindano kadiri unavyokwenda, na unakishona moja kwa moja kwenye bitana kwa bandi ndogo ndogo. Kiraka cha pili kinaingia chini ya ukingo wa cha kwanza au kinaulalia. Unakwenda hivyo ukingoni mpaka unarudi ulikoanzia, kisha unaingia ndani, mzunguko mwingine, mwingine tena, hadi katikati. Mistari ya bandi inafuatana kwa umbali wa kidole chembamba. Uzi ule ule unaoshika kiraka ndio unaoshika tabaka, kwa hiyo kiraka cha mwisho kikishakaa katikati, kwilti imekwisha. Kule kwenye cherehani, viraka vikiisha kuungwa ndiyo kwanza una nusu ya kazi.

Kwenye pembe nne Wasidi huweka phula, yaani maua: vipande vidogo vya kitambaa vilivyokunjwa mpaka vikawa pembetatu nene na kushonewa kwenye ncha. Kwao kwilti bila phula iko uchi.

Mara nyingi kawandi haina ujazo wa peke yake. Unene unatokana na viraka kulaliana, na ndiyo maana inafaa nchi za joto. Haihitaji meza, umeme wala rula. Unaikunja kwenye mfuko, unashona ukisubiri zamu hospitalini. Na inakubali maumbo yote. Fundi ninayechukua mabaki kwake huwa ananiuliza, "Dada, hata hivi vya kwapani unavitaka?" Navitaka. Vile vipande vya mviringo vinavyobaki akikata makwapa havina kazi kwenye miraba ya sentimita 15, ila kwenye kawandi ukikunja ukingo vinakaa.

Upande wa pili: ni kazi ya miezi, si wiki. Vidole vitaumia usipovaa kastabini. Kitenge kipya chenye nta ni kigumu kwa sindano ya mkono, kwa hiyo usikilazimishe. Tumia kanga zilizofuliwa mara nyingi, mashati ya pamba ya mitumba, magauni mepesi. Nayo haitoki ikiwa imenyooka. Kingo zinayumba kidogo, uso unakunjamana kwa ajili ya mistari mingi ya uzi. Kama unataka kitu cha kunyooka na fremu ya picha iliyo pembeni yake, kawandi itakukera.

Doti ya kanga

Njia ya haraka kuliko zote ni kuacha kanga ilivyo. Doti ni kanga mbili zinazofanana, pindo, mji na jina. Zitenganishe, ziweke uso kwa uso, ulaze ujazo juu yake, shona kuzunguka ukiacha tundu la kupitisha mkono, geuza, ziba tundu. Baada ya hapo zifunge: sindano kubwa, uzi mzito wa pamba wa kufumia, penya tabaka zote kwenda na kurudi, funga fundo mara mbili, kata uache ncha za sentimita 2. Rudia kila baada ya nusu shibiri au kidogo zaidi.

Michoro ya kanga inakusaidia. Usipime kwa rula. Fuata korosho za mji na maua ya pindo, kila fundo likae katikati ya ua. Mafundo yanapotea kwenye mchoro, na kwa mbali unaona tu kwamba kitambaa kimepata mabonde na vilima. Hesabu jina kabla ya kuanza: fundo likiangukia juu ya herufi, methali inasomeka vingine.

Na jina lenyewe litafakari. Kanga mwilini inapita, mtu anaisoma barabarani na kusahau. Ukutani sebuleni inaongea na kila mgeni, asubuhi na jioni. Doti iliyoandikwa HASIDI HANA SABABU inaweza kuwa nzuri mno kwa rangi, lakini mawifi watakaokuja siku ya Idi watajiuliza imeandikiwa nani. Tafuta jina la kukaribisha, la dua, la mama, au kama unashonea bibi na bwana harusi, la heri.

Kwa kamba ya pazia ya chumba kimoja, doti haina mpinzani, kwa sababu ina nyuso mbili sawasawa. Fungia ncha za mafundo upande wa kitanda, upande wa wageni ubaki safi. Badala ya mfuko wa fimbo, shonea vitanzi vya kitambaa kwenye ukingo wa juu kabla ya kugeuza. Ikitundikwa kwa upana, juu yake ikiwa sentimita 170 kutoka sakafuni, chini inaishia 60 hivi, usawa wa godoro. Mtu akiketi kwenye kiti haoni kitanda.

Kwenye kochi siipendekezi. Watoto huvuta ncha za mafundo, na anayeegemea anayasikia mgongoni.

Kwa ufupi wa macho:

| | Viraka kwa cherehani | Kawandi | Doti ya kanga |
|---|---|---|---|
| Muda | Wiki kadhaa za jioni | Miezi | Siku moja au mbili |
| Kitambaa kinachofaa | Kitenge, popelini | Kanga kuukuu, mashati ya pamba | Doti mpya iliyofuliwa |
| Ujazo | Blanketi jepesi, flana | Hauhitajiki | Blanketi la flisi |
| Panapofaa | Kochi, miguuni mwa kitanda, ukuta | Kitanda, mtoto, ukuta usiodai unyoofu | Kugawa chumba, ukuta |
| Panapoikataa | Cherehani ikiwa mbovu au haipo | Unapotaka kingo zilizonyooka | Kochi |

Kabla ya kukata

Fua kila kitambaa kwanza, hata kipya. Kitenge na kanga za dukani zina wanga unaodanganya mkono, na vingine vinanywea. Ukishona kilichonywea pamoja na kisichonywea, siku ya kwanza ya kufua uso wote utajikunyata upande mmoja. Rangi nazo zijaribu: lowesha pembe ya kitambaa, kandamiza juu yake kitambaa cheupe kilicholowa kwa dakika moja. Kikitoka na wekundu, fua tena hadi kiache. Kisipoacha, hicho hakikai jirani na cheupe, hata kikiwa kizuri namna gani.

Siku hizi kuna vitenge vingi vya poliesta vinavyouzwa bega kwa bega na vya pamba, na macho peke yake hayatoshi. Vuta nyuzi chache, ziwashe juu ya sahani. Pamba inawaka kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini linalosagika. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha donge gumu. Sina ugomvi na poliesta ukutani, haichuji upesi. Kitandani kwenye joto itakutesa, na pasi ya moto wa pamba itaiharibu.

Kitambaa cha jinsi ni kitamu kwa macho ila ni kizito. Kipande kimoja kimoja sawa. Uso mzima wa jinsi wenye blanketi ndani ni mzigo ambao fimbo ya pazia ya kawaida haiubebi, na ukilowa kwenye beseni huutoi peke yako.

Ujazo usikuumize kichwa. Pwani, shuka la flana au shuka kuukuu la pamba linatosha, na kwa ukuta popote pale linatosha, kwa kuwa kinachotakiwa ni uzito kidogo wa kuifanya itulie. Kwenye baridi, blanketi jepesi lililochakaa ni zuri kuliko vyote: limeshanywea, halisogei, na lipo tayari nyumbani. Ule ujazo wa poliesta unaouzwa kwa mita kwa mafundi wa makochi unatoa kwilti iliyotuna inayopigika picha, lakini uchague mwembamba, mnene hautapita chini ya mguu wa cherehani. Sufi iachie mito. Ndani ya kwilti inajikusanya pembeni, na ikilowa hukauka kwa tabu.

Ningechagua ipi?

Mwenye cherehani na ukuta mtupu sebuleni: paa la nyumba la vitenge, flana ndani, mfuko wa fimbo. Mwenye makochi ya kitambaa na watoto: miraba 70, bitana ya kanga, mishono ya karibu. Mpangaji wa chumba kimoja asiye na cherehani: doti, ushonwe mzingo na fundi, mafundo ufunge mwenyewe. Anayetaka zawadi ya mjukuu, na ana nguo za marehemu bibi au babu ambazo hakuna wa kuzivaa tena: kawandi, kwa sababu haidai kipande kiwe na umbo lolote, na kila nguo inaweza kuingia hata ikiwa imebaki kola tu. Kwa kitanda cha 5 kwa 6, ule ukanda wa 15 kwa 5.

Kuhusu kufua, zote tatu kanuni ni moja. Beseni kubwa, maji ya baridi, sabuni kidogo, kukanyaga kwa miguu badala ya kusugua. Usiikamue kwa kuisokota, utakata nyuzi za ndani ambazo huzioni. Ikunje, ikandamize maji yatoke. Ikiwa na blanketi ndani, usiianike juu ya kamba moja, itavutika katikati. Itandaze juu ya kamba mbili zinazokwenda sambamba, bitana ikielekea jua, na uigeuze kabla ya saa tisa ili ndani nako kukauke siku hiyo hiyo.